Kulizunguka Ziwa Naivasha kwa Baiskeli: Mwongozo wa Siku Mbili kwa Anayetoka Nairobi

Kila nikionyesha watu picha ya baiskeli yangu imeegemea mgunga huko Naivasha, maswali ni yale yale. Ninunue baiskeli gani? Nitoke Nairobi kwa pedali? Kuna simba? Na lile ambalo wengi huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini: mimi si mwanariadha, nitaweza kweli? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Majibu yote ni haya hapa.

Nakuandikia wewe unayeishi Nairobi, una baiskeli au una rafiki wa kukuazima, na kilomita 20 za lami unazimaliza bila kulala kitandani siku nzima baadaye. Nimeichagua Naivasha kwa kuwa kando ya ziwa ardhi imetulia. Milima iko, lakini imekaa pembeni: Longonot upande mmoja, Eburru ng'ambo, nawe unapita katikati. Mzunguko mzima ni kama kilomita 70, na tutaugawa kwa siku mbili. Urefu kutoka usawa wa bahari ni takriban mita 1,890, juu kidogo tu ya Nairobi, kwa hiyo pumzi isikutishe. Kinachowarudisha watu nyumbani na matatu kabla ya wakati ni vumbi, upepo wa mchana na pancha.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Baiskeli yenye tairi la upana wa milimita 38 au zaidi. Ya graveli, yaani ya njia za changarawe, ni nzuri. Ya mlimani ni nzuri pia, na wengi wetu tulianzia hapo, tena ya mtumba. Usisubiri upate pesa za baiskeli ya kaboni. Ile yenye tairi jembamba la mashindano iache nyumbani.
- Tyubu mbili mpya za saizi ya tairi lako, viraka, gundi, kipande cha msasa, na vijiti viwili vya plastiki vya kubandulia tairi.
- Pampu ya mkono. Tazama valvu yako leo, usingoje siku ya safari. Ikiwa ni ile nyembamba yenye nati ndogo kichwani, pampu ya kituo cha mafuta haitaishika bila adapta. Nunua adapta, ni kitu kidogo cha shaba kinachokaa kwenye mfuko wa sarafu.
- Funguo ndogo za skrubu za pembe sita, na chupa ndogo ya mafuta ya mnyororo.
- Helmeti, miwani, na taa nyekundu ya nyuma. Taa utaiwasha mchana kweupe, sababu yake utaiona kwenye hatua ya saba.
- Leso au kitambaa cha kufunga puani.
- Nafasi ya kubeba maji lita 3.
- Kitambulisho chako cha taifa, na simu yenye akaunti ya eCitizen inayofunguka. Kiingilio cha hifadhi ya Hell's Gate hulipwa huko, na langoni si mahali pa kuanza kukumbuka nywila.
- Noti ndogo ndogo. M-Pesa inafanya kazi karibu kila mahali, lakini mtandao una siku zake.

Kuhusu msimu: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ni ndefu, na udongo wa upande wa kaskazini hugeuka unga wa ugali uliokosa maji ya kutosha. Unajibana kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Hatua ya 1: Fanya mazoezi karibu na nyumbani

Anza na msitu wa Karura. Baiskeli zinaruhusiwa, njia ni za udongo, na ukianguka unaangukia majani makavu. Usizunguke tu kama aliyepotea. Fanya mambo matatu: shuka mteremko ukiwa umesimama kwenye pedali, makalio yakiwa nyuma kidogo ya kiti, kata kona huku macho yakitazama unakoenda wala si kwenye jiwe unaloliogopa, funga breki ya nyuma kabla ya ile ya mbele. Ukimaliza, nenda kwenye mapango yaliyowahi kuwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau, upumzike. Msitu huo ungekuwa nyumba za ghorofa leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangepigwa na kuumizwa wakiutetea mwaka 1999.

Wiki inayofuata, au ya pili yake, panda hadi Limuru na uzunguke barabara za udongo za Tigoni kati ya mashamba ya chai. Huko kuna milima ya kukutoa jasho. Ukiweza kilomita 35 za Tigoni na bado una hamu ya kula, Naivasha unaiweza. Ukifika nyumbani hutaki hata kuongea, rudia wiki nyingine. Hakuna anayekukimbiza.

Hatua ya 2: Punguza upepo kwenye tairi

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Mtu anajaza tairi likawa gumu kama la lori kwa kudhani ndiyo kasi. Kwenye lami sawa. Kwenye changarawe tairi gumu linarukaruka, mikono inakufa ganzi, na kila kona ni sala.

Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 40 lenye tyubu, anza na PSI 40 hivi (PSI ni kipimo cha upepo). Tairi la mlimani la inchi mbili, anza na 28. Mzito, ongeza kidogo, mwepesi, punguza. Huna kipimo? Bonyeza tairi kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote: linatakiwa kubonyea kidogo kisha lirudi. Lisipobonyea kabisa, limejaa mno. Likibonyea mpaka uguse ukingo wa chuma, jiwe la kwanza litaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayokaa sambamba kama meno ya nyoka.

Hatua ya 3: Panda matatu hadi Naivasha

Najua unataka kujisifu kwamba ulitoka Nairobi kwa baiskeli. Jisifu mwaka ujao. Mteremko wa kuelekea Mai Mahiu una malori yaliyochoka breki, bega la barabara ni jembamba, na macho ya kila dereva yako kwenye bonde badala ya kwako. Hata barabara ya juu, ya Kinungi, haina huruma.

Magari ya Naivasha utayapata Nyamakima. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mizigo haijajaa. Zungumza na makanga kabla ya kutoa pesa, na umwonyeshe baiskeli ikiwa imetolewa gurudumu la mbele.

"Siste, hiyo ni viti viwili," ataniambia.

"Ni kiti kimoja na shukrani," humjibu. Kwa kawaida tunakutana katikati.

Sasa sikiliza vizuri. Wakiiweka kwenye buti, wewe mwenyewe uilaze, na uilaze upande usio na gia. Mara yangu ya pili nilimwachia kijana wa mizigo ailaze, nikaenda kununua mandazi. Aliilaza upande wa mnyororo, na juu yake akapanga magunia mawili ya viatu. Nilipofika Naivasha niliikuta nzima kwa macho, nikafurahi. Kilomita ya tatu nikabadilisha gia kwenda ile kubwa kabisa ya nyuma, nikasikia krrk: mkono wa gia, kile chuma cha nyuma kinachohamisha mnyororo, umeingia kwenye spoki. Kile kipande kidogo cha alumini kinachoushikilia kilikuwa kimepinda kiasi cha upana wa kucha. Safari iliishia pale, na nauli ya kurudi nikalipa viti viwili bila kubishana. Siku hizi naishusha baiskeli, nachuchumaa nyuma yake, na kutazama kama mkono wa gia umenyooka sambamba na gurudumu kabla sijafanya lolote lingine.

Kama mna gari lenu na mnapita Mai Mahiu, simameni kwenye kile kikanisa kando ya barabara. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakilazimishwa kuitengeneza barabara hiyo hiyo ya kuteremkia bondeni. Ni kadogo mno. Ukiingia na baiskeli, waumini hawana pa kukaa.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, lami ya kusini

Kutoka mjini Naivasha shika barabara ya zamani inayoelekea Mai Mahiu, kisha kata kulia kwenye Moi South Lake Road. Ni lami. Asubuhi mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua hupita mfululizo, kwa hiyo baki kushoto na usisikilize muziki. Utapita Karagita, kijiji kilichosongamana kama Pipeline, kisha migunga ya njano inaanza kufunika barabara na hewa inabadilika.

Tazama upande wa ziwa. Utaona miti iliyokufa imesimama majini, mingine na viota juu. Maji yalipanda sana mwaka 2020, yakaingia hata kwenye nyumba za watu, na baadhi ya njia za ufukweni ambazo ramani ya simu bado inazichora ziko chini ya maji. Simu ikikwambia kata kulia kuelekea ziwani na mbele yako kuna mafunjo, amini macho.

Kuna swali utajiuliza hapo, hata kama historia haikupendezi: mbona uzio wa mali ya mtu mmoja hauishi? Waliokuwa wakichunga hapa ni Wamaasai. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilisaini nao mkataba wa kuwaondoa kwenye bonde hili, reli ikiwa imeshapita, na ardhi ikagawiwa walowezi. Jina lenyewe la ziwa ni lao, linatokana na Nai'posha, maji yanayochafuka. Ukikaa ufukweni mpaka alasiri utaelewa: upepo huamka baada ya saa sita au saba mchana, na ziwa lililokuwa kioo asubuhi linaanza kupiga mawimbi. Ndiyo maana ratiba yote ya mwongozo huu imesukumwa asubuhi.

Hatua ya 5: Ingia Hell's Gate kabla jua halijapanda

Baada ya kilomita 17 au 18 kutoka mjini utaona njia panda ya Hell's Gate, mkono wa kushoto. Hapo kuna vijana wenye baiskeli za kukodisha. Kama ya kwako ina shida, kodi, lakini jaribu breki na gia zote kabla ya kulipa. Kilomita mbili hivi za vumbi zinakufikisha lango la Elsa. Jaza maji hapo.

Ndani unaendesha mwenyewe, bila gari la kukulinda, kati ya pundamilia, twiga, ngiri na pofu. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1984, na ni mojawapo ya chache nchini ambazo unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli. Simba si wa kukukosesha usingizi hapa. Nyati ndiye. Ukimwona dume peke yake karibu na njia, simama mbali, ngoja, mwache apite. Usipige kengele, usipige kelele, usimsogelee kwa ajili ya picha.

Mwamba wa kwanza mkubwa uliosimama peke yake ni Fischer's Tower. Umepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 akitafuta njia ya kuendelea kaskazini, Wamaasai wakamzuia. Siku hizi mwamba ni wa pimbi. Wanaota jua juu ya mawe, na wamezoea watu kiasi kwamba ukiacha ndizi kwenye begi lililo wazi, hutaikuta.

Kutoka langoni hadi kwenye kituo cha askari karibu na korongo ni kama kilomita 8, nazo huteremka polepole. Wageni hufurahi sana kwenda. Kurudi ni kupanda, na kama ni mchana, upepo uko usoni, umebanwa kati ya kuta mbili za mawe. Weka nusu ya maji yako kwa ajili ya kurudi. Angalia pia vipande vyeusi vinavyong'aa njiani: ni kioo cha volkeno, kinachokata kama wembe. Ukihisi kimenasa kwenye tairi, simama ukitoe kwa ncha ya ufunguo kabla hakijazama.

Korongo la Ol Njorowa huteremki na baiskeli. Unaiacha juu, unamchukua mwongoza wageni, unashuka kwa miguu. Kama kuna wingu zito popote kwenye upeo wa macho, usishuke. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe uko kwenye jua, na maji yakakukuta kwenye sehemu ambayo kuta zinakaribia kugusana. Mwaka 2012 na tena 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu humo. Likiwa limefungwa, limefungwa, usimbembeleze askari.

Hatua ya 6: Alasiri ni ya kupumzika

Rudi kwenye lami, tafuta kambi au nyumba ya wageni maeneo ya Kamere, oga, kula. Samaki wa kukaanga na ugali ndicho chakula cha upande huu. Kisha, bila baiskeli au na baiskeli polepole, nenda Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, yule aliyemlea simba Elsa. Joy aliuawa mwaka 1980 huko hifadhi ya Shaba. Nyumba imebaki makumbusho yenye michoro yake, na bustani yenye mbega weupe kwa weusi wanaoruka juu ya kichwa chako unapokunywa chai.

Ziwa lile unalolitazama kutoka bustanini lilikuwa kiwanja cha ndege. Kuanzia 1937 hadi 1950 ndege za majini za safari ya Uingereza hadi Afrika Kusini zilitua hapa, abiria wa Nairobi wakashushwa na kuendelea kwa barabara. Na majirani wa enzi hizo walikuwa na mambo. Mbele kidogo, ndani ya mali ya watu binafsi usikoingia bila mwaliko, kuna nyumba nyeupe iitwayo Djinn Palace, yenye sura ya majumba ya Moroko. Aliyeishi humo, Lord Erroll, alipigwa risasi Januari 1941 ndani ya gari lake karibu na Karen, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kosa hilo. Ukipita Karen Jumatatu ukienda kazini, utakumbuka.

Jua likizama, baiskeli ikae ndani. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na wanapita popote wanapotaka, hata kwenye nyasi za kambi. Hema lako lisiwe kati ya kiboko na maji.

Hatua ya 7: Siku ya pili, vumbi la magharibi

Ondoka saa moja asubuhi kamili. Umeshapata chai, umejaza lita 3, umepaka mnyororo mafuta na kuufuta. Kufuta ndiko wengi wanakokuruka: mafuta yanayobaki nje ya mnyororo yanakusanya vumbi, na ifikapo saa nne unasaga mchanga.

Utalipita ziwa dogo la Oloidien. Naivasha ni maji baridi ingawa haina mto unaotoka, maana maji hupenya chini ya ardhi. Oloidien lilipokuwa limejitenga lilikuwa na magadi, na flamingo walilijia. Muulize mwenyeji kama wapo msimu huu.

Ukifika Kongoni, nunua maji, soda, ndizi. Fanya pia uamuzi wako hapa: ukihisi mwili umegoma, au baiskeli inalia, rudi kwa lami uliyojia. Hakuna aibu. Kuanzia hapo maduka yanakuwa mbali, na barabara hubadilika mwaka hadi mwaka kulingana na mvua na tingatinga, kwa hiyo muulize mtu wa bodaboda hali ilivyo. Mwanzie na salamu, usimwanzie na swali. "Habari ya asubuhi, kaka. Barabara ya kwenda Kasarani iko aje leo?" Atakwambia mpaka shimo moja moja. (Kasarani hii ni ya Naivasha. Hakuna uwanja.)

Barabara ya vumbi ina sura tatu, na kila moja ina dawa yake.

*Changarawe ngumu.* Starehe. Shika usukani kwa ulegevu, endesha.

*Mikunjo kama ya bati.* Inatokana na magari yanayopita kwa kasi. Usiipigane kwa mikono. Inua makalio kidogo, legeza viwiko, ongeza mwendo kidogo kuliko unavyodhani, na utafute ukingo wa barabara; mara nyingi kuna ukanda laini wa upana wa tairi moja ambao wachungaji na baiskeli za maziwa wameutengeneza.

*Vumbi la unga.* Ni majivu ya volkeno ya zamani, mepesi kama unga wa ngano, na yanaficha mashimo. Kabla hujaingia, shuka gia mbili. Ukiwa ndani, uzito nyuma, endelea kukanyaga bila kusita, na usiguse breki ya mbele kwa lolote. Gurudumu la mbele litayumba kama mlevi. Liache litafute njia yake. Waliojaribu kulinyoosha kwa nguvu nimewaokota wengi.

Lori likija, utalijua kwa wingu kabla hujalisikia. Washa taa, funga leso, sogea upande ambao upepo unatokea, simama, hesabu mpaka kumi baada ya kupita. Dereva wa gari la nyuma yake haoni kitu, na hapo ndipo ile taa nyekundu inapolipa gharama yake.

Hatua ya 8: Kaskazini, kisha mjini

Baada ya Kasarani ziwa liko kulia kwako, na mali kubwa za mifugo ziko pande zote. Nyati na pundamilia huvuka. Mtavuka pia mito ya Gilgil na Malewa, ndiyo inayolilisha ziwa, Malewa ikiwa ndiyo mkubwa. Chini ya migunga ya Malewa ndipo mahali pangu pa kula chapati ya mwisho. Kaa hapo hata nusu saa.

Jitahidi uwe umefika barabara kuu kabla ya saa saba mchana. Ukifika hapo, mtu aliyetoka kwenye vumbi amezoea barabara tupu na anasahau kwamba amerudi kwenye njia ya malori ya Nakuru. Kama kuna bega pana, litumie. Kama hakuna, shuka usukume baiskeli. Mjini, tafuta mahali pa kuoshea pikipiki, lipa kijana aioshe baiskeli, lakini mwambie asipige maji ya presha kwenye ekseli na katikati ya pedali. Yanasukuma uchafu ndani ya beringi.

Una siku ya tatu? Panda gari hadi Gilgil, shuka Kariandusi ukaone mashoka ya mawe ambayo uchimbaji wa Louis Leakey uliyafukua kuanzia miaka ya 1920, kisha teremka Elementaita, ziwa lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ila nyama ya Kikopey uile baada ya kuendesha, si kabla. Niamini.

Ikiharibika njiani

*Pancha.* Toa gurudumu, bandua tairi upande mmoja, toa tyubu. Kabla hujaweka mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Mwiba wa mgunga hukatika na kubaki, na usipoutoa utatoboa tyubu ya pili dakika tano baadaye. Nimelia kwa hilo. Tyubu iliyotoboka iwekee kiraka jioni: kwaruza kwa msasa, paka gundi, ngoja ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Kubandika gundi ikiwa mbichi ndiko kunakofanya kiraka kivuke hadi Karagita tu. Ukiishiwa kabisa, fundi wa pancha za bodaboda yuko kila senta.

*Mnyororo unaruka gia.* Mara nyingi ni waya wa gia umelegea. Zungusha ile skrubu ya plastiki pale waya unapoingilia kwenye mkono wa gia, nusu mzunguko kwa wakati, kinyume cha saa, ujaribu. Mizunguko miwili bila mabadiliko? Basi kile kipande cha alumini kinachoushikilia mkono wa gia kimepinda. Baki kwenye gia ya katikati na usiguse ile kubwa ya nyuma, hata kwenye mlima, sukuma.

*Mnyororo unapiga kelele kama panya.* Umekauka kwa vumbi. Futa kwanza, mafuta baadaye, futa tena.

*Mikono inakufa ganzi.* Punguza upepo wa tairi la mbele kidogo, badilisha mahali unaposhika kila baada ya dakika chache, na uangalie kama pua ya kiti imeinama; ikiinama, uzito wote unakuja viganjani.

*Kichwa kinauma, hutaki kula.* Maji na chumvi. Kaa kivulini, kunywa kidogo kidogo, kula kitu chenye chumvi, njugu hata. Isipotulia baada ya nusu saa, siku yako imekwisha.

*Umeshindwa kabisa.* Kutoka Kongoni au Kasarani bodaboda atakubeba wewe na baiskeli mpaka mjini. Toa magurudumu yote mawili, fremu ining'inie mgongoni kwako kama gitaa, magurudumu yafungwe nyuma kwa mpira. Kubalianeni bei kabla hajawasha pikipiki, na mkono wa gia uwe juu.